Kihindi cha Nani? Sinema ya Kihindi na Mtoto wa Mhamiaji katika Afrika ya Mashariki

1. Utangulizi

Neno Kihindi katika Kiswahili limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Msemaji wa Kiswahili wa Mombasa, wa Ujiji au wa Uvira akimsikia mwenye duka akizungumza na mkewe kwa Kikachi, husema kuwa wanazungumza Kihindi. Akiwasikia Makalasinga wakisema Kipanjabi, hicho nacho huwa ni Kihindi. Akienda sinema akamsikia mwigizaji akimlilia mpenzi wake kwa Kihindustani, hicho pia ni Kihindi. Kwa kuwa jina ni moja, imedhaniwa kwamba na kitu chenyewe ni kimoja. Kutokana na dhana hiyo imezuka nyingine: kwamba mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Afrika ya Mashariki aliingia katika jumba la sinema kama mtu aingiaye nyumbani kwao, na jirani yake Mwafrika akaingia kama mgeni.

Makala haya yanaichunguza dhana hiyo. Hoja inayotetewa humu ni kwamba sinema ya Kihindi haikuwa urithi wa damu kwa mtoto wa mhamiaji. Aliipata ukumbini, bega kwa bega na jirani yake, kwa lugha ambayo kila mmoja wao alijifunza sehemu kubwa yake humo humo. Kilichomtofautisha na jirani ni kwamba yeye alitakiwa na jamaa zake, na baadaye na serikali pia, aichukue sinema hiyo kuwa ni hati ya asili yake. Ili kuithibitisha hoja hii, makala yatatazama kwanza suala la lugha, kisha filamu ya Awara ya mwaka 1951, mahadhi ya Kihindi katika taarabu ya Mombasa, na kazi mbili zinazomhusu binti wa wahamiaji: riwaya ya Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi na filamu ya Mississippi Masala ya Mira Nair. Mwishoni hoja itapelekwa bara, hadi Uvira na nyanda za juu za Bijombo, ambako swali la asili ya mtu limekuwa swali la uhai wake.

2. Lugha ya Nyumbani na Lugha ya Ukumbi

Wengi wa wahamiaji kutoka Bara Hindi waliojenga maisha yao Zanzibar na mwambaoni katika karne ya 19 walitoka Kachi na Kathiawar, magharibi ya India. Lugha zao zilikuwa Kikachi na Kigujarati. Wapanjabi walikuja kwa wingi wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, ulioanza mwaka 1896. Wagoa walikuja na Kikonkani chao. Filamu za Bombay zilipoanza kusema, mwaka 1931 kwa filamu iitwayo Alam Ara, hazikusema kwa lugha yoyote kati ya hizo. Zilisema Kihindustani, yaani lugha ya kati iliyochanganya Kihindi na Kiurdu ili ieleweke katika miji mingi ya Bara Hindi.

Kwa hiyo mtoto wa Kikachi aliyezaliwa Zanzibar au Dar es Salaam alikuwa na lugha ya nyumbani, lugha ya mtaani ambayo ni Kiswahili, lugha ya shule, na juu ya hizo lugha ya ukumbi. Hii ya nne hakuipokea kwa mama. Aliijenga kidogo kidogo kutokana na nyimbo, majibizano na nyuso za waigizaji. Ni kweli kwamba Kigujarati na Kihindustani ni ndugu, na udugu huo ulimpa mtoto huyo nafuu ambayo wengine hawakuwa nayo. Lakini jirani yake Mswahili naye hakuingia ukumbini mikono mitupu. Msamiati wa Kiarabu na Kiajemi uliomo katika Kiurdu ulimfungulia mlango wake mwenyewe. Dunia, wakati, safari, zamani, umri, mauti, kitabu, habari: maneno haya yote yana wenzao wa karibu katika nyimbo na maongezi ya filamu. Mahakama za kwenye filamu zilimpa hukumu, kanuni, wakili, swali na jawabu. Mtazamaji aliyesoma chuoni Kurani tangu utotoni alisikia katika Kihindustani sauti anazozijua, hata pale maana ya sentensi nzima ilipompita.

Abdulaziz Lodhi, mwanaisimu mzaliwa wa Zanzibar, ameonyesha katika utafiti wake wa mwaka 2000 kuhusu athari za lugha za Mashariki katika Kiswahili kwamba mawasiliano ya pande hizi mbili ni ya karne nyingi. Pesa, gari, rangi, laki, bima na chapati hazikungoja sinema. Jumba la sinema lilijengwa juu ya msingi uliokuwapo, na msingi huo ulikuwa wa wote. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameeleza kwa kina jinsi watu wa miji ya Tanzania, wa rangi na tabaka mbalimbali, walivyozifanya filamu za Kihindi kuwa sehemu ya maisha yao, wakazitazama, wakazijadili barazani na kuziimba majumbani. Minou Fuglesang aliwakuta wasichana wa Lamu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, wakizitazama filamu hizo kwa video na kuchota humo mitindo ya mavazi na maswali juu ya mapenzi na ndoa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka mahali pasipokuwa na jumuiya kubwa ya Wahindi. Katika makala yake ya mwaka 1997, Brian Larkin alionyesha kwamba Wahausa wa kaskazini ya Nigeria walizipenda filamu za Kihindi kwa vizazi, wakaona ndani yake mgogoro wao wenyewe baina ya matakwa ya kijana na amri ya wazee. Huko Kinshasa, lugha ya vijana wa mitaani ya miaka ya baada ya uhuru iliitwa Indoubil, jina ambalo kwa kawaida huelezwa kuwa limeungwa na neno la Kifaransa la Mhindi na jina la Buffalo Bill, yaani shujaa wa filamu za Bombay na shujaa wa filamu za Kimarekani. Ikiwa filamu ya Kihindi iliweza kuota mizizi Kano na Kinshasa bila damu ya Kihindi, basi damu siyo inayoeleza kuota kwake Zanzibar.

3. Nyumba Iliyojengwa na Wahamiaji

Mhakiki anaweza kupinga akisema: hata kama mtoto hakuijua lugha, filamu ilimwonyesha nchi ya babu zake. Pingamizi hili lina uzito, maana ndivyo wazazi wengi walivyoamini. Lakini inafaa kuuliza ni nchi gani iliyoonyeshwa.

Filamu za Kihindustani zilitengenezwa Bombay, mji ambao lugha zake za mtaani zilikuwa Kimarathi na Kigujarati. Wengi wa waliozitengeneza walikuwa wageni mjini humo. Raj Kapoor na Dilip Kumar, nyota wawili waliojulikana sana Afrika ya Mashariki, wote walizaliwa Peshawar, mji ambao baada ya mgawanyiko wa mwaka 1947 ulikuwa ndani ya Pakistan. Waandishi, wanamuziki na mafundi waliotoka Panjabi na Lahore walijikuta wakitunga nyimbo za nchi ambayo kijiji chao hakimo tena. Ile huzuni ya kwao kuliko mbali, ile treni inayoondoka, yule mama anayengoja mlangoni, ni mambo ya watu waliohama.

Kwa hiyo mtoto wa mhamiaji aliyeketi katika jumba la Majestic la Zanzibar akiitafuta asili yake kwenye kitambaa cheupe alikuwa akitazama ndoto ya mhamiaji mwenziwe. India ya filamu haikuwa Kachi wala Porbandar. Ilikuwa nchi ya kubuni iliyokusanya mabonde ya Kashmir, majumba ya kifalme na vichochoro vya Bombay katika muda wa saa tatu. M. G. Vassanji, mwandishi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia Dar es Salaam, aliiona India kwa macho yake mara ya kwanza mwaka 1993, akiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, na safari zake huko ndizo zilizozaa kitabu cha A Place Within, kilichotoka mwaka 2008. Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack ya mwaka 1989, ilikuwa imekwisha kutoa jibu la namna nyingine juu ya asili. Msimulizi wake, Salim Juma, anarithi gunia lililojaa mabaki ya ukoo, na anapolifungua anamkuta Bibi Taratibu, mtumwa Mwafrika, miongoni mwa nyanya zake. Gunia lile linatoa kumbukumbu zilizoungwa viraka, na moja ya viraka hivyo ni cha pwani hii hii.

4. Awara na Hukumu ya Nasaba

Katika filamu zote zilizopendwa katika miaka ya 1950, Awara inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu dhamira yake kuu ndiyo swali la makala haya. Jaji Raghunath anaamini kwamba mtoto wa mwizi atakuwa mwizi na mtoto wa mwungwana atakuwa mwungwana. Kwa imani hiyo amewahi kumtia hatiani mtu kwa kosa la kuwa na baba mhalifu. Mtu huyo, Jagga, anageuka jambazi wa kweli na kulipa kisasi: anamteka mke wa jaji, kisha anamrudisha, naye jaji anamfukuza mkewe mja mzito kwa kumshuku. Mtoto, Raj, anakulia mitaani mikononi mwa Jagga yule yule na kuwa mwizi. Anaposimama mahakamani, anayemtetea ni Rita, wakili kijana aliyelelewa na jaji mwenyewe, ambaye anampenda.

Ujanja wa filamu umo katika mpango wake. Mwizi anayehukumiwa ni damu ya jaji. Kwa hiyo jaji hawezi kuitetea nadharia yake bila kujihukumu. Akisema kwamba damu ndiyo inayomfanya mtu, basi uhalifu wa Raj umetoka kwake; akisema kwamba malezi ndiyo yanayomfanya, basi ni yeye aliyemtupa mtoto katika malezi hayo. Mwandishi wa mchezo huu, Khwaja Ahmad Abbas, alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, na jibu lake ni wazi: mazingira ndiyo yaliyomlea mwizi. Lakini fani haikubaliani kabisa na maudhui. Raj Kapoor aliyeiongoza filamu alimpa nafasi ya jaji baba yake wa kuzaa, Prithviraj Kapoor. Mtazamaji aliyelijua jambo hilo aliona baba na mwana wa kweli wakigombana juu ya kama damu ina maana, huku sura zao zikishuhudia kwamba inayo.

Utata huu ndio uliomfaa mtazamaji wa Afrika ya Mashariki. Zanzibar ya miaka ya 1950 ilikuwa nchi ambamo watu walihesabiwa kwa kabila na asili, na siasa ikazidi kuzifanya hesabu hizo kuwa silaha. Katika utafiti wake kuhusu Awara na watazamaji wa Zanzibar, uliochapishwa mwaka 2009, Fair alionyesha jinsi filamu ile ilivyowapa vijana wa mjini njia ya kuzungumza juu ya mapenzi na haki ya kujichagulia mwenzi, katika jamii ambamo wazee ndio waliopanga ndoa. Mtoto wa Kihindi na mtoto wa Kiswahili walimlilia Raj pamoja. Baada ya taa kuwashwa, kila mmoja alirudi katika nyumba yenye jaji wake.

Hapa ndipo ilipo kasoro ambayo sifa za sinema huelekea kuifunika. Kulia pamoja ukumbini hakukuwalazimisha watu kuoana, wala kugawana kilichopatikana. Wazazi walioishangilia Rita kwa kumtetea mzururaji wangewafungia mlango binti zao kama wangemleta mzururaji huyo nyumbani, hasa akiwa Mwafrika. Mafundisho ya filamu yalikubaliwa kwa sharti kwamba yabaki kwenye kitambaa.

5. Mahadhi ya Kuazima

Nje ya ukumbi, sehemu ya filamu iliyosafiri mbali zaidi ni wimbo. Katika taarabu ya Mombasa jina linalotajwa kwanza katika jambo hili ni la Juma Bhalo, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2014. Bhalo aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na baadhi ya mashairi hayo yalitungwa na Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita. Zein l'Abdin, mpigaji udi mashuhuri, aliifuata njia ya Kiarabu, na wapenzi wa taarabu waligawanyika baina ya wawili hao kwa miaka mingi.

Wahakiki kadhaa wamezoea kuiita njia ya Bhalo kuwa ni kuiga. Shutuma hiyo inapaswa kupimwa kwa vigezo vya fani. Katika ushairi wa kimapokeo, mshairi hutunga kwa bahari anayoijua, na mwimbaji hutafuta mahadhi yanayochukuana na mizani. Katika wimbo wa filamu mambo hugeuka: mahadhi yametangulia, yana urefu wake na vituo vyake, na mshairi wa Kiswahili hana budi kuyafuata huku akilinda vina na maana. Kazi hiyo haifanywi na mwigaji mvivu. Zaidi ya hayo, maneno yaliyowekwa hayakuwa tafsiri ya maneno ya filamu. Yalikuwa mafumbo, lawama, nasaha na mahaba ya Mvita, yaliyokusudiwa kufahamika na watu wa Mvita.

Sasa na amfikirie msomaji binti wa Kigujarati wa Mombasa anayesikia harusini kwa jirani mahadhi ya wimbo alioujua kutoka sinema, yakiwa yamevikwa maneno ya Kiswahili. Ni upi kati ya nyimbo hizo mbili ulio wake? Maneno ya ule wa kwanza ameyajifunza kwa kusikiliza. Maneno ya huu wa pili anayaelewa mpaka kwenye fumbo, kwa sababu Kiswahili ni lugha ya mtaa aliozaliwa. Ikiwa urithi ni kile ambacho mtu anakielewa bila kufasiriwa, basi wimbo wa Bhalo una haki kubwa zaidi ya kuitwa urithi wake. Nadharia ya kuiga haiwezi kulieleza jambo hili, maana inadhani kwamba upande mmoja ulikuwa na mali na upande wa pili ukaazima. Ukweli ni kwamba pande zote mbili ziliazima, na kilichorudi kilikuwa mali ya wote wawili.

6. Yasmin na Mina

Vuta n'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999, ni miongoni mwa kazi chache za Kiswahili zinazomweka binti wa Kihindi katikati ya hadithi. Katika riwaya nyingi Mhindi ni mtu wa nyuma ya kaunta: hupima sukari, huandika deni, hutoweka. Yasmin wa Shafi ana moyo, hasira na njaa ya kuishi. Ameozwa kwa nguvu kwa Raza, mtu mzima anayemzidi umri kwa mbali, naye anamtoroka. Jamaa zake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, na anayempenda ni Denge, kijana Mwafrika anayepambana na utawala wa Kiingereza.

Kwa umbo lake hadithi hii ni jamaa ya filamu za Kihindi: ndoa ya kulazimishwa, binti anayekimbia, mapenzi yanayopigwa vita na ukoo, mpenzi anayewindwa na dola. Hakuna haja ya kudai kwamba Shafi alichota kutoka filamu fulani. Inatosha kuona kwamba msomaji aliyelelewa na sinema anaitambua njia hii tangu hatua ya kwanza, na kwamba Shafi anaipeleka mahali ambapo filamu za miaka ile hazikufika. Katika Awara, Raj anageuka kuwa mtoto wa jaji, na kwa hiyo Rita hakumpenda mtu asiye wa daraja lake; nasaba imeshindwa kwa hoja ikashinda kwa hila. Denge hana ugunduzi wa namna hiyo wa kumwokoa. Hawi Mhindi katika sura ya mwisho. Yasmin anachagua bila bima yoyote, na gharama ya uchaguzi wake haifichwi.

Amil Shivji aliigeuza riwaya hii kuwa filamu mwaka 2021, kwa Kiswahili, na ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto mwaka huo. Kwa kitendo hicho duara kubwa lilikamilika: mwongozaji Mtanzania mwenye asili ya Kihindi alimchukua Yasmin kutoka katika fasihi ya Kiswahili na kumrudisha kwenye kitambaa cheupe, safari hii akizungumza lugha ya nyumbani kweli.

Mississippi Masala, filamu ya Mira Nair ya mwaka 1991, inamtazama binti mwingine. Mina amezaliwa Kampala. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 kwa muda wa siku 90, wazazi wake waliondoka naye, na amekulia Uingereza na kisha Mississippi, katika hoteli za njiani za watu wa jamii yao. Anapompenda Demetrius, Mmarekani mweusi, jumuiya iliyolia kwa kufukuzwa Uganda inageuka kuwa yenye kufukuza. Jay, baba yake, anaishi kwa barua za madai dhidi ya serikali ya Uganda; kwake nyumbani ni Kampala. Nguvu ya filamu hii ni kwamba haimpi Jay wala jumuiya yake utakatifu wa mwathiriwa. Udhaifu wake, kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki, ni kwamba Okelo, rafiki wa Jay tangu utotoni, anabaki kuwa kioo cha majuto ya Jay. Kampala inakumbukwa vizuri zaidi kuliko inavyosikilizwa. Ukilinganisha, Mwajuma wa Shafi ana nyumba, maneno na matakwa yake mwenyewe. Yasmin ndiye anayejifunza kwake. Tofauti hiyo inatokana na pembe ya kutazamia: mmoja anatazama kutoka safarini, mwingine kutoka Ng'ambo.

7. Kutoka Mwambao hadi Bijombo

Inaweza kuonekana kwamba mambo haya ni ya mwambao peke yake. Historia haikubali. Fedha za Kihindi zilifika Ziwa Tanganyika kabla ya filamu na kabla ya reli. Tharia Topan wa Zanzibar aligharimia misafara ya Tippu Tip, na Rumaliza alieneza nguvu zake kutoka Ujiji hadi Uvira, kaskazini ya ziwa. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, njia ya duka la Kihindi kuelekea magharibi ilizidi kufunguka. V. S. Naipaul alilitumia jambo hili katika riwaya ya A Bend in the River ya mwaka 1979: Salim, mtoto wa ukoo wa Kihindi wa mwambao, anafungua duka ndani ya Kongo, na duka hilo linatwaliwa na dola, kama maduka ya wageni wengi yalivyotwaliwa chini ya hatua zilizotangazwa na Mobutu mwezi Novemba 1973.

Lakini mfano wenye mafunzo zaidi unapatikana juu ya Uvira, kwenye nyanda za Bijombo, ambako wanaishi Wafuliiru, Wanyindu, Wabembe, Wavira na Wanyamulenge. Mtoto wa huko hukulia katika lugha ya nyumbani, kisha hukutana na Kiswahili sokoni, barabarani na katika nyimbo. Kiswahili kwake ni kama Kihindustani kwa mtoto wa Kikachi: lugha ya kukutania, isiyo ya damu ya yeyote kati ya wanaoitumia, na kwa sababu hiyo inayoweza kuwa ya wote. Wanaotafiti Kiswahili cha Kongo ya mashariki wangefaidika kuitazama hali hii kwa jicho hilo badala ya kuhesabu tu tofauti zake na Kiswahili sanifu.

Katika nyanda hizo hizo nadharia ya jaji Raghunath ilipewa nguvu ya sheria. Sheria ya uraia ya Zaire ya mwaka 1981 iliufunga uraia wa asili na kuwapo kwa mababu ndani ya mipaka ya nchi mwaka 1885, na ikafuta ile ya mwaka 1972 iliyokuwa imewapa uraia watu wengi wenye asili ya Rwanda na Burundi. Sheria ya mwaka 2004 ilikisogeza kipimo hadi uhuru wa mwaka 1960, lakini mabishano juu ya nani mwenyeji na nani mgeni hayakwisha, na mapigano yaliyozidi tangu mwaka 2017 yamewatawanya watu wa makabila yote ya huko. Watoto wao wanakulia Bujumbura, Nairobi na Marekani. Hao nao ni watoto wa wahamiaji. Nao watakuja kuulizwa na jamaa zao, na pengine na mahakimu, wathibitishe kuwa ni wa wapi kwa nyimbo wanazozijua na lugha wanayoiota.

8. Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha mambo matatu. Kwanza, sinema ya Kihindi katika Afrika ya Mashariki ilikuwa mali ya ukumbi, na mtoto wa mhamiaji alijifunza ukumbini kama walivyojifunza wengine. Pili, nchi aliyoonyeshwa ilibuniwa kwa sehemu kubwa na watu waliohama kama wazazi wake. Tatu, mafundisho ya filamu juu ya mapenzi na nasaba yalishangiliwa na watu ambao majumbani mwao hawakuyatii, na ni fasihi ya Kiswahili, kupitia Yasmin, iliyoyachukua kwa uzito wake.

Kwa wanafunzi wa fasihi kuna kazi ya kufanya. Kumbukumbu za watazamaji wa miji ya pwani zimeanza kukusanywa; za miji ya ziwani, Kigoma, Bujumbura na Uvira, bado zinahitaji wakusanyaji, na waliokuwa vijana katika miaka ya 1950 wanazidi kupungua. Wakiulizwa, wasiulizwe tu ni filamu gani walizipenda. Waulizwe pia ni nani aliyeketi kando yao, waliongea naye kwa lugha gani wakati wa mapumziko, na walipotoka nje waliagana naye wapi.